Chungu Bila Nyama: Nafuu kwa Nani?

Hoja: Mtu wa kipato cha kawaida anaweza kupika nyumbani kwake, kwa gharama ndogo, chakula cha mimea tupu, kisicho na nyama, samaki, maziwa, mayai wala samli, kwa kujifunza mapishi ya mataifa mengine.

Hoja hii ni rahisi kuiunga mkono ukiwa umeshiba na rahisi kuipinga ukiwa na njaa. Ndiyo maana nimewaketisha barazani watu watano, kila mmoja na chungu chake. Binti anasoma chuo Dar es Salaam, amepanga chumba kimoja, anapikia jiko la gesi la plate moja, na ameacha kabisa vyakula vya wanyama. Mama Lishe anauza chakula cha mchana kwa mafundi wa ujenzi. Mpishi ni mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi Muscat, katika jiko la hoteli lililojaa Wahabeshi, Wamisri, Wahindi na Walebanoni. Muuguzi yuko kliniki ya mama na mtoto. Mzee ni mkulima wa mbaazi kutoka Lindi, yuko mjini kumtembelea mwanawe. Watu wenyewe ni wa kubuni, lakini maneno yao utayasikia soko lolote.

Kapu

BINTI: Shikamooni wakubwa zangu. Naanza mimi kwa kuwa ndimi mshitakiwa. Nikisema sili nyama wala maziwa, naulizwa maswali mawili: unaumwa nini, na pesa unatoa wapi? La pili ndilo linalonikera. Watu wameona kwenye friji za supamaketi maziwa ya lozi, soseji za soya na jibini ya korosho, wakaamini kwamba hicho ndicho tunachokula. Kapu langu lina dengu, choroko, maharage, mchele, unga, vitunguu, nyanya na fungu la mchicha. Toa nyama kwenye kapu la mtu yeyote hapa mtaani, kinachobaki ndicho kilichokuwa cha bei ndogo tangu mwanzo.

MAMA LISHE: Marahaba, mwanangu. Hicho unachokisifu nakijua, ni chakula cha mwisho wa mwezi. Mafundi wangu wakilipwa Jumamosi wanaomba nyama. Ikifika Alhamisi wanasema, "Mama, leo nipe maharage." Hawajaacha nyama hao, nyama ndiyo imewaacha. Mtu amekula maharage tangu shule ya bweni, wadudu wanaelea juu, halafu leo unamletea habari za Wahindi na Wahabeshi? Maharage tunayo. Hatuna haja ya kuvuka bahari kuyafuata.

MPISHI: Dadangu, maharage tunayo, lakini tumeyapika kwa unyonge. Tazama Ethiopia. Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi kule hufunga kila Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima yao peke yake ni siku 55. Ukijumlisha na mifungo mingine, muumini mwenye kushika sana anakaribia nusu ya mwaka au kuizidi. Siku hizo haguswi ng'ombe wala kuku, haliguswi yai, haiguswi siagi. Na anafunga tajiri, anafunga maskini, anafunga hata mwenye zizi la ng'ombe mia. Sasa mpishi wa nyumba ya tajiri afanyeje? Hawezi kumwekea bwana wake maharage ya chumvi nusu mwaka mzima. Ilimlazimu aitafute ladha. Kwetu chungu kisicho na nyama kiliachiwa wafungwa, watoto wa bweni na mfuko mtupu, hakuna mwenye sauti aliyekilalamikia, basi hakuna aliyekihangaikia.

MZEE: Usitusingizie sote. Mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, ni unyonge huo? Kisamvu cha karanga je?

MPISHI: Hapana, mzee wangu, na hivyo vyakula viwili vinanitetea. Mbaazi za nazi huliwa na mwenye nacho na asiye nacho, kwa hiyo zimepikwa kwa akili. Nataka akili hiyo ifike kwenye vyungu vingine, na wako waliotutangulia.

MAMA LISHE: Kaka, maneno matamu hayajazi sahani. Taja chungu kimoja nikikadirie.

MPISHI: Shiro. Chukua unga wa dengu, huu huu wa kuchovyea bhajia. Ukaange mkavu kwa moto mdogo mpaka ubadilike rangi kidogo na unukie, uweke pembeni. Vitunguu viwili vikubwa uvikate vidogo vidogo kabisa, uvitie sufuriani bila mafuta.

MAMA LISHE: Bila mafuta?

MPISHI: Bila tone. Vitatoa maji yake vyenyewe na kusinyaa. Vikitaka kushika chini unanyunyizia kijiko cha maji, unageuza, unanyunyizia tena, mpaka viwe rojo la rangi ya kahawia. Hapo ndipo yanaingia mafuta, vijiko vitatu tu, na kitunguu saumu, na berbere. Hiyo ni pilipili nyekundu iliyokaushwa na kusagwa pamoja na viungo kama uwatu, giligilani, iliki na tangawizi, vyote utavipata kwa muuza viungo wako. Yakishaiva tia maji vikombe vinne. Yakichemka unanyunyiza kikombe kimoja cha ule unga, mkono mmoja unamwaga, wa pili unakoroga, usipate madonge. Moto mdogo, robo saa mpaka dakika 20, kitakuwa kizito na mafuta yatapanda juu. Hicho kwa ugali kinalisha watu wanne.

MAMA LISHE: Unga wa dengu kwa kilo unauzwa ghali kuliko maharage, hilo mlijue. Lakini kikombe kimoja kwa watu wanne, mafuta vijiko vitatu, na dakika 20 za moto… Haya, endelea, nakusikiliza.

Mkono na bidhaa

MZEE: Mimi nina swali dogo. Shiro kwa ugali? Mhabeshi akikuona si atalia?

MPISHI: Na alie, hanilipii gesi. Yeye anaila kwa injera ya tefu, na tefu iliyosafirishwa mpaka Dar si chakula cha maskini tena. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Anasikia chakula fulani ni rahisi kwao, anakwenda kukitafuta dukani, anakikuta na bei ya ndege. Kule Java tempe ni kitoweo cha mtu wa kawaida: soya iliyochemshwa, ikafungwa kwenye majani ya mgomba, ikaachwa siku moja na nusu au mbili mpaka ukungu wake mweupe uishike ikawa kipande kimoja. Ikiletwa hapa kwenye friji ni anasa. Kinoa ya milima ya Andes ni hivyo hivyo. Unafuu wa chakula haupandi meli pamoja nacho. Kinachosafiri bure ni mkono: namna ya kukausha kitunguu, namna ya kukaanga kiungo, namna ya kupanga sahani. Mimi nasema azima mkono wa mgeni, ukanunue kwa mpemba wako wa hapo mtaani.

BINTI: Ndiyo maana kabati langu la viungo ni dogo. Bizari nyembamba ile ile inaingia kwenye dali ya Mhindi, kwenye siki ya kushari ya Mmisri na kwenye maharage ya watu wa Mexico. Nanunua vipaketi vya punje nzima, nakaanga kidogo, natwanga mwenyewe. Giligilani, manjano, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, basi. Watu wanadhani mapishi ya dunia yanataka duka zima.

MZEE: Nyinyi mnasema kuazima, mimi naona tunaiga. Mtu mwenye chakula chake ana haja gani na cha wenzake?

MUUGUZI: Mzee wangu, hicho chakula chetu nacho kina safari zake. Mahindi, mihogo, karanga, nyanya, pilipili, viazi, na haya maharage mekundu ya Mama Lishe, asili yake ni Amerika. Mbaazi zako za Lindi zilitoka India. Cha kwetu hasa ni kunde, njugu mawe, mtama, ulezi. Na safari ya mahindi ina funzo ambalo sisi wa kliniki hatulisahau. Wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, wakayaacha usiku kucha, ndipo wakayasaga. Ile chokaa inalegeza ganda, na inafungua vitamini iitwayo niasini, ambayo ndani ya mahindi makavu imefungika kiasi kwamba mwili hauipati. Wazungu walibeba mbegu, chokaa wakaiacha. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Hispania alieleza ugonjwa wa ngozi uliowashika wakulima maskini waliokula mahindi karibu peke yake. Baadaye ukaitwa pelagra. Ulitesa watu kaskazini mwa Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaua maelfu kusini mwa Marekani, mpaka Joseph Goldberger alipoonyesha kwamba hauambukizi, unatokana na mlo duni.

MZEE: Hayo ni ya huko.

MUUGUZI: Na ya hapa jirani, mzee wangu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra kwa maelfu. Mgao wao ulikuwa wa mahindi, na karanga zilikuwa zimekatika. Karanga tu! Kwa hiyo kaka Mpishi ana haki: aliyebeba bidhaa akaacha ujuzi wa kuiandaa alibeba na maradhi. Ila naongeza langu. Sisi hatupiki kwa chokaa na hatuugui, kwa sababu ugali wetu una maharage, karanga au dagaa pembeni. Ukiondoa dagaa, usithubutu kuondoa na maharage.

MZEE: Basi kwa kuwa mbaazi zimetajwa, niseme. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kununua kutoka nje, bei kwetu ilianguka. Mtu amevuna magunia, mnunuzi haonekani. Tulikaa tunayatazama. Na mbaazi ni chakula! Mhindi anazipaaza, anatoa ganda, anakula dali kutwa. Sisi tulikuwa tumezoea kuziuza tu.

BINTI: Babu, umeshanisaidia kuliko nilivyotarajia.

MZEE: Sijakuunga mkono bado. Nimesema habari ya mbaazi.

Mkaa

MAMA LISHE: Sasa zamu yangu, na msinikatishe. Mnahesabu bei ya kilo, moto hamuuhesabu. Maharage makavu yanataka saa mbili jikoni, yakiwa ya mwaka jana hata tatu, na mengine hayaivi kabisa, yanakutazama tu. Mkaa unapanda kila mvua zikinyesha. Nyama ya kuchemsha nikiikata ndogo inaiva mapema. Samaki wa kukaanga ni dakika. Kuna siku maharage ya bei ndogo sokoni yananigharimu kuliko samaki nikishayapika. Nani kati yenu amewahi kuandika mkaa kwenye hesabu ya mapishi?

BINTI: Shangazi, hilo limenibana mimi kabla yako, maana mtungi wangu ni mdogo. Ndiyo maana nimemfuata Mhindi kwenye jambo moja: punje za jamii ya kunde anazipasua kabla ya kuzipika. Choroko za kupaaza na adesi nyekundu hazihitaji kulowekwa, na katika dakika 20 mpaka 30 zimeshapondeka. Mbaazi ikitolewa ganda na kupasuliwa nayo inaiva upesi. Juu yake namalizia kwa kikaango: mafuta kidogo yapate moto hasa, nizitupe punje za bizari nyembamba zilie, kitunguu saumu kilichokatwa kifuate, kikianza kubadilika rangi tu namimina yote juu ya choroko na kufunika. Mafuta ni kijiko kimoja na nusu, lakini kwa kuwa yameingia mwisho, ndiyo unayokutana nayo kwanza mdomoni.

MPISHI: Na maharage yenyewe yana adabu zake. Loweka usiku, maji yale mwaga. Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie mpaka yawe yamelainika, maana uchachu unayashikilia ganda. Pika ya siku tatu kwa moto mmoja. Leo ni maharage ya nazi, kesho unayaponda na kuyakaanga na kitunguu na bizari kama wafanyavyo Mexico, ukayafungia kwenye chapati, keshokutwa unayatia supuni. Kama presha ipo, ndiyo mkombozi.

MAMA LISHE: Mimi natia magadi.

MUUGUZI: Magadi yanalainisha kweli, dada, lakini yanaharibu sehemu ya vitamini B1, na ukizidisha yanaleta ladha ya sabuni. Kuloweka kunafanya kazi ile ile bila hasara. Wapo pia wanaotumia kapu la kupikia, sufuria ikichemka inafungiwa ndani ya kapu lenye matambara au pamba, moto unazimwa, chakula kinajimalizia. Njia hiyo naipenda, kwa sharti moja: maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla hayajaingia kapuni. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Yakipashwa moto wa vuguvugu tu, anayeyala atatapika.

MAMA LISHE: Sawa, mkaa mmenijibu nusu. Nusu ya pili ni mikono. Choroko nani anachambua mawe? Kesho mtasifu bajia za kunde, nasikia Wanigeria wana zao wanaziita akara na Wabrazili wa Bahia wana zao. Kunde hizo nani anaziloweka, anazisugua maganda, anazisaga? Mwanamume akirudi nyumbani na habari kwamba kuanzia leo tunakula mimea tupu ya dunia nzima, kinachoongezeka ni kazi ya mkewe.

MPISHI: Hapo sina la kukujibu, dadangu. Mimi nilikuwa nalipwa mshahara kuzisugua.

BINTI: Na mimi niko peke yangu. Nakiri, mwenye watoto wanne na kibarua hawezi kupika nipikavyo kila siku. Lakini ndiyo maana nimekuwa nikitaja vyungu vifupi. Hakuna aliyesema uanze na kunde za kusugua.

Sahani ya Cairo

MPISHI: Nikupe sahani ya mtu mwenye haraka kama wewe, dada. Kushari, chakula cha mitaani Cairo. Wengi wanakihusisha na khichri ya Wahindi, mchele na adesi katika chungu kimoja, lakini Mmisri ameongeza makaroni, dengu za kuchemsha, rojo ya nyanya na vitunguu vya kukaanga juu. Ukikisikia unadhani ni fujo. Kumbe ni njia ya kutumia vyungu vitatu vilivyobakiza kidogo kidogo.

MAMA LISHE: Vitunguu vya kukaanga juu, vingapi? Kitunguu nacho kina msimu wake wa kutesa watu.

MPISHI: Vikubwa vitatu kwa sahani sita. Unavikata vipande vyembamba vya duara, unavikaanga taratibu mpaka vikauke na kuwa kahawia iliyokolea, unavitoa. Sasa angalia hapa: mafuta yale yaliyobaki yameshabeba harufu yote. Nusu unakaangia mchele na adesi kabla ya kutia maji. Nusu unapikia nyanya. Hayamwagwi, wala hutii mengine. Pembeni unachanganya siki, kitunguu saumu kilichotwangwa, bizari nyembamba na maji kidogo, kila mlaji anajimiminia. Ukiionja bila siki utasema ni wali mkavu tu. Ukiitia, utaelewa kwa nini watu wanapanga foleni.

MAMA LISHE: Makaroni yanayobaki na wali unaobaki ndivyo vinavyonila faida kila jioni. Hilo nitalifikiria.

Mwili

MUUGUZI: Nisipolisema hili nitakuwa nimekula mshahara wa bure. Vitamini B12 haipo kwenye mimea. Haimo kwenye mchicha, maharage wala uyoga kwa kiasi cha kumtosha mtu. Anayekula mimea tupu lazima aipate kwa vidonge au kwa chakula kilichoongezewa. Ini huweka akiba, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka kadhaa anajiona mzima, kisha anakuja na upungufu wa damu, ganzi za mikono na miguu, kusahau. Mishipa ya fahamu ikishaharibika sana hairudi yote. Binti, vidonge vimo kwenye hesabu yako ya nafuu?

BINTI: Vimo, dada. Ndicho kitu pekee ninachonunua duka la dawa.

MUUGUZI: Basi wewe nakuunga mkono. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mchanga siwaungi mkono mpaka tuonane kliniki. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji mwepesi na mchicha, limejaa na halijashiba. Anahitaji karanga zilizosagwa, parachichi, mafuta, na uangalizi wa mtu anayempima uzito. Kuhusu madini ya chuma, tia ndimu kwenye mboga au kula chungwa baada ya chakula, na chai ya rangi isubiri saa moja, kwa sababu inazuia chuma kisifyonzwe. Sisi tuna tabia ya kusukumia maharage kwa chai.

MPISHI: Na ile habari kwamba lazima nafaka na kunde viwe sahani moja?

MUUGUZI: Nafaka ina upungufu wa lisini, jamii ya kunde inayo tele, basi vinasaidiana. Mmarekani Frances Moore Lappé alisisitiza mwaka 1971 kwamba vipangwe pamoja kwa uangalifu, na katika toleo la 1981 la kitabu chake akalegeza kamba, akasema mtu anayekula vyakula mchanganyiko na kushiba hana haja ya mahesabu hayo. Kwetu hata hatujawahi kuhesabu. Makande, wali maharage, chapati na dengu: bibi zetu waliyamaliza hayo zamani.

Mgeni

MZEE: Mmeongea afya, mkaa na pesa. Heshima hamkuigusa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hizo siku mbili mtampa choroko? Kwetu mgeni akija kuku anakimbizwa uani, watoto wanashangilia. Ukimwekea mbaazi atasema hukumtarajia, au humpendi. Wewe mjukuu wangu unaweza kuacha nyama chumbani kwako. Kuiondoa kwenye sinia la mgeni ni jambo la ukoo.

BINTI: Babu, sijaomba kuku wa mgeni wako. Naulizwa kuhusu chungu cha kila siku, na hicho hakina mgeni.

MPISHI: Mimi nitagusa hata cha mgeni. Siku za mfungo Wahabeshi wanaweka beyayinetu: injera moja kubwa, na juu yake mafungu mafungu, shiro, adesi nyekundu yenye berbere, adesi ya manjano isiyo na pilipili, sukuma, kabichi na karoti, viazisukari vyekundu, saladi. Mafungu saba, manane, kila moja na rangi yake. Mgeni akiliona hilo sinia haulizi nyama iko wapi, kwa sababu ukarimu umeonekana kwa wingi na kwa kazi. Sinia sisi tunalo. Weka wali wa nazi katikati, mbaazi upande huu, mchicha wa karanga upande ule, dali, bilinganya za kukaanga, kachumbari, chatini ya ukwaju, bajia. Halafu uone kama mgeni atadai jembe.

MZEE: Na nazi, na mafuta ya bajia, na nusu siku jikoni. Hilo sinia lako limeshaipita bei ya kuku.

MPISHI: Limeipita, mzee wangu. Sikusema la mgeni ni la kila siku.

MZEE: Basi tumekubaliana mahali: nafuu iko kwenye chungu cha kila siku, kwenye sherehe mimea na nyama bei zinakaribiana. Mbaazi zangu nitaanza kuzipaaza, sitaziacha zikae magunia tena. Kuku nitamla. Ndiyo kura yangu.

Kura

Kama mwendesha mjadala nilipaswa kutangaza mshindi. Kwa jinsi walivyozungumza, hoja imepita, lakini imepita ikiwa imenyolewa. Imepita kwa mtu mzima mwenye vidonge vya B12, si kwa mtoto mchanga. Imepita kwa choroko za kupaaza, unga wa dengu, adesi na maharage yaliyolowekwa, si kwa tempe ya kwenye friji wala tefu ya ndege. Na maneno "mataifa mengine" yamebaki kwenye hoja kwa sababu moja tu, ambayo hata Mama Lishe hakuipinga mwishowe: wako watu ambao dini au desturi iliwanyima nyama wakiwa na pesa mkononi, wakaufanyia kazi mlo wa mimea kwa miaka mingi. Kazi yao ipo tayari, na haitozwi ushuru bandarini. Lililobaki wazi ni mikono ya nani, na sitalifunga kwa niaba ya wapishi.

MAMA LISHE: Kwa kuwa hukulifunga, nilifunge mimi kwa upande wangu. Nafuu ikihesabiwa, muuza mkaa awepo, na mimi niwepo. Wiki ijayo Alhamisi napika hiyo kushari, bei ile ile ya wali maharage. Sitawaambia mafundi kwamba imetoka Cairo, wala kwamba haina nyama. Mteja wangu hana maoni marefu. Ijumaa ama anarudi, ama anavuka barabara kwa mwenzangu.